Mtarajali Asiachwe Peke Yake: Hotuba kwa Madaktari Watarajali Wapya na Wanaowasimamia

Ndugu Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mkuu wa hospitali, wakuu wa idara, madaktari bingwa, wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara, na ninyi madaktari watarajali mnaoanza kazi wiki hii: itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi.

Karibuni sana. Mmesoma miaka mitano, mmefaulu, Baraza la Madaktari Tanganyika limewapa usajili wa muda, na kwa miezi 12 ijayo mtapita katika idara kubwa nne: tiba, watoto, upasuaji, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Nyumbani wameshaanza kuwaita dokta. Wodini nako mtaitwa hivyo tangu saa ya kwanza, na ndugu wa mgonjwa hatajua kwamba koti hilo jeupe umelivaa jana.

Sisi tunaowasimamia tuna jambo moja la kuwaambia leo, na mengine yote nitakayoyataja yanalizunguka hilo. Mkitazama makosa ya mwaka wa utarajali, machache yanatokana na daktari kutojua ugonjwa. Mengi hutokea pale mtarajali alipokuwa peke yake: aliyemkabidhi wodi hakumwambia lililo muhimu, au aliogopa kupiga simu, au alikuwa macho tangu jana asubuhi na hakuna aliyemtazama akichanganya dawa. Kwa hiyo nitazungumza na ninyi watarajali, lakini nitazungumza pia na walioketi mstari wa mbele.

Nianze na siku yenyewe. Ripoti ya asubuhi ni saa 1:30. Mtarajali anayefika saa 1:25 ameshachelewa, kwa sababu kabla ya ripoti anatakiwa awe amewapitia wagonjwa wake. Fika saa 12:30, na kwa kila mgonjwa tafuta vitu vitano: usiku alikuwaje, presha na mapigo na joto vimekwendaje, mkojo umetoka kiasi gani, vipimo vya jana vimerudi au bado, na dawa zilizoandikwa zimeingia kweli? Hilo la tano ndilo linalosahaulika kuliko yote. Dawa iliyoandikwa kwenye faili si lazima iwe imeingia mwilini. Angalia karatasi ya dawa, kisanduku cha saa husika. Kama hakina saini ya nesi, hesabu kwamba haikutolewa mpaka uthibitishe. Sababu zake ni zile zile kila siku: dawa haikuwepo dirishani, ndugu hajalipia na hakuna aliyempeleka ustawi wa jamii kuomba msamaha, kanula imeziba saa 8 usiku na hakuna aliyeweka nyingine, au zamu zilibadilishana na kila mmoja akadhani mwenzake ameshatoa. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo aliyekosa dozi mbili ataonekana kwenye raundi kama mgonjwa ambaye dawa imeshindwa kumtibu, na bingwa atabadilisha dawa iliyokuwa sahihi.

Baada ya ripoti ni raundi. Kwenye raundi kubwa mtarajali ndiye anayesimulia mgonjwa, ndiye anayeandika, na ndiye atakayebaki na kazi zote zilizoagizwa. Tumia daftari dogo au karatasi moja iliyokunjwa: jina, kitanda, kazi, na kiboksi cha kuweka alama. Kazi za raundi zina mpangilio wake. Kwanza zile zinazomgusa aliye hatarini sasa hivi. Pili zile zinazotegemea mlango wa mtu mwingine: maombi ya damu, picha ya CT, ushauri wa idara nyingine, karatasi ya rufaa. Hizo zikitoka saa 4 asubuhi majibu yanarudi mchana. Zikitoka saa 9 alasiri zitalala mpaka kesho. Tatu ndiyo ziandikwe ruhusa za kwenda nyumbani, ingawa ndugu wenye mabegi mlangoni watawasukuma muanze nazo. Waelezeni kwa heshima watarudi kuitwa saa ngapi, na muda huo muutimize.

Mtajikuta pia mnafanya kazi zisizo zenu: kubeba sampuli kwenda maabara, kusukuma machela, kutafuta faili lililopotea masijala. Zifanyeni pale mgonjwa anapozihitaji, lakini zihesabuni. Andikeni kwenye daftari la wodi: saa ngapi, kazi gani, imechukua dakika ngapi. Mganga Mfawidhi hawezi kuomba mhudumu wa usiku kwa sababu ya manung'uniko. Kwa daftari lenye tarehe anaweza.

Kuna jambo la saa ambalo ni letu wenyewe sisi tunaosema Kiswahili. Ndani ya faili andikeni muda kwa saa 24: 08:00, 14:00, 20:00. Ukiandika "saa 2" tu, msomaji anaweza kuielewa asubuhi au usiku, na aliyesoma kwa mtindo wa Kizungu ataisoma saa nane. Kwa mgonjwa na ndugu zake semeni kama tunavyosema siku zote, saa mbili usiku, na dawa ya kila baada ya saa nane mwelezeni mama kwa saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. "Mara tatu kwa siku" kwa mama mwenye shughuli zake ni asubuhi, mchana na magharibi, na usiku mzima unapita mtoto hana dawa.

Sasa nije kwenye usingizi, na hapa nawaomba wakuu wa idara mnisikilize zaidi kuliko watarajali.

Uchovu wa daktari una vipimo. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, na baada ya saa 24 ni kama mwenye asilimia 0.10. Mwaka 2004 timu ya Landrigan, Boston, iliwalinganisha madaktari wa mwaka wa kwanza katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Waliofanya zamu za kawaida za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa ya tiba kwa asilimia 36 zaidi ya wale waliopunguziwa saa. Mwaka uliofuata Barger na wenzake wakaonyesha kwamba daktari anayeendesha gari kurudi nyumbani baada ya zamu ndefu kama hizo yuko kwenye hatari ya ajali zaidi ya mara mbili.

Nchi nyingine zilibadilika baada ya kuumia. Marekani, binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki mwaka 1984 katika hospitali moja ya New York chini ya uangalizi wa madaktari wa mafunzo, usiku, akiwa amepewa dawa iliyogongana na nyingine aliyokuwa akiitumia. Baba yake hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York liliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki na saa 24 mfululizo, na mwaka 2003 ukomo wa saa 80 ukaenea Marekani nzima. Umoja wa Ulaya una saa 48 kwa wiki. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja siku ya saa 9, wiki ya saa 45, isizidi saa 12 kwa siku hata ukijumlisha saa za ziada, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Sheria hiyo hiyo inaacha nafasi ya dharura, na hospitali ni nyumba ya dharura. Lakini dharura ni mama aliyeletwa saa 10 alfajiri. Ratiba iliyobandikwa ukutani mwezi mzima kabla haiwezi kuitwa dharura.

Kwa hiyo tunasimamia haya. Aliyekuwa zamu ya usiku anakabidhi asubuhi na anaondoka kabla ya saa 4. Haingii chumba cha upasuaji kushika retrakta, kile kifaa cha kuachanisha jeraha, habaki kwa ajili ya kliniki, na haitwi kwa simu saa 6 mchana aje kueleza alichoandika. Kama maandishi yake hayaelezi, hilo litazungumzwa kesho. Mkuu wa idara anayempanga mtarajali usiku na kisha kliniki ya asubuhi inayofuata ameshampangia mgonjwa wa kliniki ile daktari aliyelewa usingizi.

Na ninyi watarajali, msaidieni mwili wenu. Mchana wa kabla ya zamu lala walau saa moja na nusu, pazia limefungwa, simu imezimwa sauti. Kula chakula cha kushiba kabla ya kuingia, beba maji. Kati ya saa 9 na saa 11 usiku ubongo huwa chini kuliko saa nyingine zote. Hesabu za dawa za muda huo zifanyike kwa karatasi, kamwe si kichwani. Wodi ikitulia, dakika 20 mpaka 30 za kulala zinarudisha mengi. Mwambie nesi uko wapi na akuamshe saa ngapi. Ukizidi nusu saa unaamka mzito, hivyo kabla ya kushika sindano nawa uso, simama, subiri dakika kumi. Kahawa inywe nusu ya kwanza ya zamu. Ya saa 11 alfajiri itakunyima usingizi wa asubuhi unaouhitaji. Na asubuhi usijiendeshe kwenda nyumbani, gari wala pikipiki.

Jambo ambalo ningependa mlibebe kuliko yote ni makabidhiano ya zamu. Ukipunguza saa za kazi unaongeza makabidhiano, na kila makabidhiano ni mahali ambapo taarifa inadondoka. Mwaka 2014 hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada zilipanga makabidhiano yao kwa utaratibu mmoja, na makosa ya tiba yakashuka kwa asilimia 23, madhara yanayozuilika kwa asilimia 30. Hawakununua mashine yoyote. Walifundishana kusema vitu vitano kwa mpangilio ule ule kila siku, na sisi hapa tutavifuata hivyo hivyo.

Kwanza, ukali wa ugonjwa: huyu ni mahututi, huyu wa kuangaliwa kwa karibu, huyu ametulia. Anza na mahututi, usianze na kitanda namba moja. Pili, muhtasari wa sentensi mbili tatu. Tatu, kazi zilizobaki, na kila kazi ina saa yake. Nne, kikitokea hiki, fanya hiki. Tano, anayepokea anarudia kwa maneno yake.

Lile la nne ndilo linalookoa usiku, nalo ndilo linalorukwa. Sikilizeni tofauti. "Kitanda cha saba ana sukari, yuko kwenye dripu, mwangalie." Hayo ni maneno matupu. Sasa hivi: "Kitanda cha saba, mama wa miaka 52, sukari imepanda na damu ina asidi, mahututi. Insulini inakwenda yuniti 6 kwa saa. Pima sukari kila saa, kipimo kinachofuata ni 20:00. Potasiamu ya saa 16:00 ilikuwa 3.4 na ameshaanza kuongezewa. Kipimo cha marudio kitarudi 21:00. Ikishuka chini ya 3.3, simamisha insulini, endelea na potasiamu, mpigie bingwa. Sukari ikifika 14, ongeza dekstrosi kwenye dripu, usiache insulini." Anayepokea anarudia: saa, kiwango, hatua. Imechukua dakika moja na nusu.

Makabidhiano hufanyika wodini, mkiwa mmesimama, nesi wa zamu akiwepo, na kwa mahututi mnakwenda mpaka kitandani. Hayafanyiki kwa ujumbe wa WhatsApp, hayafanyiki kwenye ngazi mmoja akiwa na begi begani. Na anayekabidhi asimalize kwa "wengine wote wako sawa". Kama wako sawa, wataje.

Nije kwenye simu ya usiku. Tunataka mpige, na tunataka mjue lini. Kwa mtu mzima, lolote kati ya haya linatosha: pumzi chini ya 10 au zaidi ya 30 kwa dakika, namba ya juu ya presha chini ya 90, mapigo zaidi ya 130, oksijeni chini ya asilimia 90 na tayari yuko kwenye oksijeni, fahamu zimebadilika, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa nne. Ongezeni lingine ambalo halina namba: nesi mzoefu akikuambia, "Dokta, huyu simwelewi," umeshapata sababu ya kwenda kitandani na pengine ya kupiga simu. Wauguzi wa usiku wamewaona wagonjwa wengi kuliko mimi na wewe. Waamkieni, wasikilizeni, waulizeni.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Simu dhaifu iko hivi: "Shikamoo dokta, samahani kwa kukuamsha, kuna mama hapa leba alikuwa anatoka damu, tumempa dawa, tunaendelea kumwangalia." Bingwa aliye usingizini anasikia kwamba mambo yamedhibitiwa, anajibu "haya, endeleeni", na analala. Hajakosea, hivyo ndivyo alivyoambiwa. Simu nzuri inaanza na ombi: "Shikamoo dokta, ni mtarajali wa zamu, wodi ya wazazi. Naomba uje sasa. Mama wa miaka 28, uzazi wa nne, amejifungua dakika 25 zilizopita, amepoteza kama mililita 900 na damu bado inatoka. Mapigo 128, presha 84 kwa 50. Kizazi ni laini, kondo limetoka lote, sijaona mchaniko. Tunakanda kizazi, ana kanula mbili, oksitosini yuniti 20 kwenye lita ya maji inakwenda, traneksamiki gramu 1 imeingia 20:40. Nimeomba chupa mbili za damu. Nifanye nini wakati unakuja?" Ombi limetangulia ili hata mtandao ukikatika baada ya sentensi ya pili, neno lililohitajika limeshafika.

Asipopokea, piga mara ya pili ndani ya dakika tano. Kimya? Wa pili kwenye orodha, kisha mkuu wa idara, kisha Mganga Mfawidhi. Andika kwenye faili kila saa uliyopiga.

Ndugu zangu mabingwa, hapa ni kwetu. Mtarajali aliyekaripiwa Jumanne usiku kwa simu "isiyo na maana" hatapiga Ijumaa usiku, na ya Ijumaa ndiyo itakuwa ya maana. Akikupigia kwa jambo dogo, jibu, na siku ya pili mkiwa wawili mfundishe kwa nini lilikuwa dogo. Kumfokea mbele ya mgonjwa au mbele ya ripoti ya asubuhi kunamfundisha kitu kimoja tu, kuficha. Na vocha: kumtaka mtarajali atumie salio lake kumwita bingwa ni aibu kwa taasisi. Kila wodi iwe na simu yenye salio, na anayehusika kuliangalia kila jioni ajulikane kwa jina.

Nataka tukae kidogo kwenye dawa moja, kwa sababu makosa yake yanaonyesha makosa ya dawa nyingine zote. Mama mwenye kifafa cha mimba anaingia akiwa anatetemeka mwili mzima. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti kwa mishipa ni gramu 4, kwa mchanganyiko wa asilimia 20, ikisukumwa polepole ndani ya dakika 5 au zaidi. Dawa inayokuja kwenye ampuli ni ya asilimia 50, yaani kila mililita moja ina nusu gramu. Gramu 4 basi ni mililita 8. Vuta mililita 8 kwenye bomba la mililita 20, ongeza maji ya sindano mililita 12, umepata mililita 20 za asilimia 20. Mara hiyo hiyo anapata gramu 10 kwa sindano ya kwenye nyama: gramu 5, ambazo ni mililita 10 zisizochanganywa na maji, kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 kwenye bomba hilo kupunguza maumivu. Kisha gramu 5 kila baada ya saa 4, tako kwa tako, mpaka saa 24 zitimie tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote litakalochelewa.

Inaharibika wapi? Ampuli zinakuja kwa ujazo tofauti: kuna ya mililita 2 yenye gramu 1, kuna ya mililita 10 yenye gramu 5. Aliyeandika "ampuli mbili" ameandika gramu 2 au gramu 10, na hajui ipi. Andikeni gramu, kisha mililita. Pili, asilimia 50 kusukumwa mshipani bila kuchanganywa, kwa sababu mama anatetemeka na kila mtu anaharakisha. Tatu, dozi ya saa 4 kutolewa kwa mazoea. Kabla ya kila dozi nenda kitandani: pumzi ziwe 16 au zaidi kwa dakika, goti liruke unapoligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa kwenye zile saa nne zilizopita. Dawa hii inatoka kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua inajikusanya, goti linakufa kwanza, pumzi zinafuata. Kimoja kikikosekana, dozi haiendi. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua kwa begi na maski, na mpe kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu, gramu 1, ambayo ni mililita 10 za asilimia 10, polepole mshipani. Ampuli hiyo iwe trei moja na magnesiamu. Ikiwa imefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko nyumbani, kwa mama huyo haipo.

Utaratibu huo uhamisheni kwenye dawa nyingine zote za hatari. Watu wawili wanahesabu kila mmoja peke yake, kisha wanalinganisha. Mmoja kutaja na mwingine kuitikia hakuhesabiki kama uhakiki. Kloridi ya potasiamu haisukumwi mshipani hata siku moja. Huchanganywa kwenye dripu, na bila mashine ya kufuatilia moyo isizidi milimoli 10 kwa saa. Artesuneti, sindano ya malaria kali, kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, na kuanzia kilo 20 ni 2.4, hivyo pima uzito, usikisie. Dekstrosi ya asilimia 50 kwa mtoto ipunguzwe kwanza: mililita 10 zake na maji mililita 40 zinakupa asilimia 10, kisha mpe mililita 5 kwa kilo.

Kwenye damu, kosa hutokea mapema kuliko watu wanavyodhani, pale unapochukua sampuli. Usimuulize mgonjwa "Wewe ni Halima?" Aliyechoka ataitikia ndiyo kwa jina lolote. Muulize, "Unaitwa nani, majina yote matatu?" Andika jina kwenye chupa ukiwa hapo hapo kitandani, kabla hujageuka. Chupa zilizokusanywa mfukoni ili ziandikwe mezani ndizo zinazompa mtu damu ya kundi lisilo lake. Damu ikifika, ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye jokofu, iishe ndani ya saa 4, na dakika 15 za kwanza mtu abaki pale.

Ninyi wenyewe pia mna miili. Kabla hamjaingia wodini kila mmoja awe ameanza chanjo ya homa ya ini B: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Ukichomwa sindano, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue. Toa taarifa hapo hapo. Dawa za kujikinga na VVU zianze ndani ya saa 2 ikiwezekana, zisipite saa 72, na zinywewe siku 28. Tatizo la hospitali nyingi ni kwamba dawa hizo ziko CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, na CTC hufungwa jioni. Kwetu, dozi za kuanzia za siku tatu zitakaa idara ya dharura, na ufunguo utakuwa na nesi wa zamu. Kukubali dawa hizo si kukiri uzembe. Sindano nyingi huchoma watu wanapozifunika tena au wanapozitupa kwenye boksi lililojaa. Boksi likifika robo tatu, lifungwe.

Mtatoa pia taarifa za vifo. Tafuta chumba au kona, keti, hakikisha ni ndugu sahihi wa mgonjwa sahihi, na baada ya salamu na sentensi moja ya kuwaandaa sema "amefariki dunia". Usiseme "hali imebadilika" wala "tumempoteza kidogo". Kisha nyamaza, wape nafasi ya kulia. Maswali ya hati na mochwari yajibiwe baadaye, na siyo mlangoni. Na baada ya mtoto wa kwanza kufariki mikononi mwako, msimamizi wako anatakiwa akutafute siku hiyo hiyo. Asipokutafuta, mtafute wewe. Ukiona usiku wa tatu hulali hata ukiwa nyumbani, au chakula hakipiti, au unawaza kujidhuru, idara ya afya ya akili iko wazi kwenu, faili lako halitapita mikononi mwa wenzako, na zamu yako itapata mtu.

Kuhusu posho. Mtarajali anapanga chumba, anakula, ananunua stetoskopu, na wengi wenu nyumbani wameshaanza kuwategemea. Posho inapochelewa, anayelala njaa ndiye anayehesabu magnesiamu. Jirani zetu Kenya walifika pabaya: mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na kiini kimoja kikubwa kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, kati ya shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi zilizotokana na mkataba wa 2017 na 70,000 ambazo serikali ilitaka kulipa. Waliolipa gharama ya siku hizo ni wagonjwa. Ofisi ya utawala hapa itatoa tarehe ya malipo kwa maandishi, na ikitokea kuchelewa, mtaambiwa kabla ya tarehe hiyo, na atakayewaambia atakuwa mtu mwenye jina na siyo tangazo.

Kilichobaki ni kazi ya leo. Tukitoka hapa, wa idara ya uzazi na wa watoto waende kwanza duka la dawa, wafamasia wanawasubiri na trei za ampuli: zishikeni, someni maandishi, changanyeni mbele yao. Wa tiba na upasuaji waanze na chanjo, kisha wabadilishane. Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kijazwe siku ile ile kazi inapofanyika, na msimamizi aliyeona ndiye atie saini. Majina ya wanaoingia usiku wa leo yako ubaoni, na chini ya kila idara kuna namba ya bingwa wa zamu. Kabla ya saa 6 mchana kila mmoja aipige namba hiyo, ajitambulishe, na ahakikishe inapokelewa. Isiyopokelewa, nileteeni mimi ofisini kabla jua halijazama.